Tusekile na Ndevu za Baba

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipokuwa mdogo nilimkana mama yangu njiani, kwa sababu kanga yake ilikuwa imechanika. Nilisema, "Simjui." Mungu amenisamehe, lakini bado linaniuma.

Ndiyo maana nawasimulia ya Tusekile. Naye aliona haya, akasema uongo.

Tusekile alikuwa na miaka sita. Aliishi Ilundo, kijiji cha mvua na migomba, pamoja na Baba na Babu.

Baba hakuwa na ndevu kamwe. Kila Jumamosi alinyoa, shavu likawa laini kama yai.

Jumamosi moja hakunyoa. Jumamosi nyingine hakunyoa tena.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Ndevu za Baba zinakua.

"Baba, unanichoma," akasema Tusekile.

"Vumilia, mama. Wanaume wachache wa kanisani tumeweka ahadi. Hatunyoi mwezi mzima. Anayetuuliza sababu tunamwomba mchango, ili tumlete daktari awapime wanaume tezi dume."

"Kwani hawawezi kwenda wenyewe?"

"Wanaona haya," akasema Baba. "Wanaumwa, wananyamaza."

Tusekile akamtazama Babu. Babu alikuwa anatoka chooni, ameshika kiuno. Alikuwa amekaa huko muda mrefu.

"Babu, na wewe utapimwa?"

"Mimi? Nimvulie suruali daktari, mtoto wa juzi? Sitaki. Huu ni uzee tu."

Kila siku Babu alishika kiuno. Kila siku alisema, "Ni uzee tu."

Tusekile alimpenda sana Babu. Alitaka Babu apimwe. Lakini Babu hakutaka.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Ndevu za Baba zinakua.

Sasa, kwa watu wa Ilundo, mwanamume akifiwa hanyoi ndevu mpaka matanga yaishe. Kila mtu anajua hivyo. Hata watoto.

Shuleni, mwenzake Gwakisa akamwuliza, "Tuse, mbona baba yako amekuwa kichaka? Nani kafa kwenu?"

Watoto wote wakageuka. Wakamtazama.

Tusekile alitaka kusema, "Baba anachangisha ili wanaume wapimwe." Aliona haya.

"Babu," akasema. "Babu amekufa."

Gwakisa akamkatia nusu ya muhogo wake.

Tusekile akautafuna. Ulikuwa mchungu.

Gwakisa akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia jirani. Jirani akamwambia jirani.

Jioni wanawake wakaja njiani, mstari mrefu. Kuni kichwani. Unga mkononi.

"Uwii, uwii, mzee wetu," wakalia.

Babu alikuwa ndani anakunywa uji. Akatoka na kikombe chake.

"Nani kafa?" akauliza.

Mama Gwakisa akaangusha kuni. Puu!

"Shikamoo, mzee," akasema polepole.

"Marahaba. Nauliza, nani kafa?"

"Tumeambiwa ni wewe."

Tusekile akatoka nyuma ya mlango. Machozi yalimtiririka.

"Ni mimi, Babu. Wananicheka kwa ndevu za Baba. Niliona haya, nikasema umekufa."

Babu hakugomba. Akakaa juu ya mzigo wa kuni.

"Hizi kuni ni za msiba wangu?"

"Ndiyo, mzee," akasema Mama Gwakisa.

"Na unga huu?"

"Ndiyo."

Babu akaweka kikombe chini, akazitazama kuni. Uji wake ukapoa.

Kisha akasema, "Mtoto amesema uongo. Na mimi pia. Nasema ni uzee tu. Si uzee. Naumwa. Naumwa mwaka wa pili sasa."

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake Tusekile akarudisha kuni, nyumba kwa nyumba. "Samahani, mama. Nilisema uongo." Mzigo ulimwelemea. Maneno yalimwelemea zaidi.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Ndevu za Baba zikafunika mashavu.

Mchango ukatosha. Daktari akaja. Wanaume wakapanga foleni, wameinamisha vichwa. Wa kwanza alikuwa Babu.

Daktari akampima. Akavua miwani, akaifuta.

"Mzee, ungekuja mapema."

"Najua, mwanangu," akasema Babu.

Babu akapelekwa hospitali ya mbali. Akakaa wiki nyingi. Kiti chake kikabaki kitupu, na Tusekile hakutaka mtu akikalie.

Halafu Babu akarudi. Alikuwa amekonda. Anatembea na fimbo, na dawa atakunywa mpaka mwisho wa maisha yake. Ni chungu, anakunja uso kila akinywa.

Lakini yupo.

Usiku wa siku aliyorudi, Tusekile akapiga magoti kando ya kitanda. Akasali. Alipomaliza, Babu akasema, "Amina," kutoka chumba cha pili.

Tusekile akalala.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Kabla hujalala, mwulize baba yako, mwulize na babu yako, "Unaumwa wapi?"

Akisema haumwi, mwulize tena.