Mtazamaji wa Tatu

Kiti kilikuwa cha moto. Abdulswamad alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, mkewe Raya alikuwa sokoni mjini akiuza viungo vyake, na mlango aliufunga mwenyewe kwa ufunguo. Lakini alipoegemeza mkono kwenye kile kiti cha pembeni ambacho hakuna anayekikalia, alikuta mto umebonyea katikati na una joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Akasema ni jua la dirishani. Upande ule haupati jua, na nyumba ile aliijenga yeye, lakini siku hiyo aliamua kusahau.

Tangu astaafu reli, ambako alikuwa mkaguzi wa tiketi, na goti lake la kushoto kugoma, Abdulswamad alibaki na kazi moja tu pale Kihonda: kutazama na kutoa hukumu. Filamu za Kibongo alizipenda, ila zilimkera, maana mtu analia dakika nzima na chozi halionekani. Za Kinaijeria alisema zina wachawi wengi kuliko wapita njia. Za Kikorea alizisifu kwa chakula. Wahindi aliwasamehe kila kitu, hata yule stelingi anayepigwa risasi kifuani na bado anamalizia wimbo. Majini wa filamu ndio hakuwaelewa kabisa.

"Jini gani huyu, kapakwa unga usoni anacheka ovyo," alikuwa akisema. "Jini wa kweli angekaa kimya, akatazama."

Hukumu hizo zote alizirekodi kwenye simu na kumtumia Daniel, rafiki yake wa reli aliyestaafu na kubaki Ngerengere. Daniel naye alimjibu kwa ubishi, na hivyo ndivyo wazee wale wawili walivyokuwa wakizisukuma siku.

Alikuwa pia na tabia moja iliyomchekesha sana Raya. Mtu akibisha hodi ndani ya filamu, Abdulswamad aliitikia kutoka kwenye kochi. Hakukusudia, ulimi ulishazoea. "Baba Furaha," Raya alimtania, "ipo siku wataingia kweli, na chai sijaweka."

Siku chache kabla ya kile kiti kupata joto, hodi ilibishwa. Ilikuwa alasiri ya kiangazi, lakini ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru kama wakati wa masika. Abdulswamad alikuwa amezama kwenye tamthilia ya Kituruki yenye sauti za Kiswahili.

"Hodi," ilisema sauti ya mzee, taratibu.

"Karibu, pita ndani," akaitikia, macho yakiwa kwenye runinga.

Ndipo akaona kwamba mle kwenye tamthilia hapakuwa na mlango wala mzee. Alikuwepo mwanamke peke yake anaendesha gari jangwani. Akamrekodia Daniel lawama ndefu kuhusu watafsiri wavivu wanaopachika sauti popote, kisha akaendelea kutazama.

Baada ya hapo ndipo kiti kilipopata joto, na baada ya joto ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya udongo wa mlimani ulionyeshewa, nzito, inayotoka pale pembeni kila runinga inapowashwa. Raya alisema ni panya aliyefia darini. Akapiga deki, akafukiza udi, harufu ikabaki palepale.

Katika tamthilia ile kulikuwa na mke wa tajiri, mgonjwa, aliyelala kitandani tangu sehemu ya kwanza. Abdulswamad alimchoka. Jioni moja akashika simu akarekodi: "Daniel, mama huyu amezidi. Kila siku yuko kitandani, kila siku anaaga. Si afe tu, tamthilia inoge?" Akatuma. Kabla kipindi hakijaisha, mke wa tajiri akainuka kitandani, mzima kabisa, akaomba chakula.

Kesho yake Raya alianguka sokoni, mbele ya iliki na mdalasini wake, akarudishwa nyumbani amebebwa. Hospitali walipima kila kinachopimika wasione ugonjwa. Akawa analala tu, mwili ukipungua, na Abdulswamad akawa anampikia uji kwa mikono isiyojua uji. Alikuwa anampenda mke yule kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa aliogopa.

Daniel hakujibu kwa sauti ya kurekodi safari hii. Alipiga simu.

"Abdu, huwa unatazama na nani?"

"Peke yangu. Mwenzangu anaumwa."

"Isikilize tena ile ya mama mgonjwa. Mpaka mwisho kabisa."

Aliisikiliza akiwa amesimama jikoni. Akajisikia mwenyewe akisema si afe tu, tamthilia inoge. Kisha kimya kidogo. Kisha, karibu na simu kuliko mdomo wake mwenyewe ulivyokuwa, ile sauti ya mzee, taratibu: "Kweli. Afe."

Abdulswamad alikwenda sebuleni akachomoa waya wa runinga ukutani. Kioo kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule akaiona sebule yake yote, kochi, meza, kalenda, naye mwenyewe amesimama na waya mkononi, na pale pembeni kile kiti, ambacho siku zote kilielekea runinga, kikiwa kimegeuka, kimeipa runinga mgongo na kuelekea mlango wa chumbani alikolala Raya, mto wake ukiwa umebonyea, na akausikia mto ule ukibonyea zaidi, polepole, kama mtu anapojisogeza mbele ili aone vizuri, halafu ikaja sauti, ikisema kwa lafudhi yake yeye Abdulswamad, kwa uchovu wake uleule wa mtazamaji aliyeudhika: "Amezidi huyu. Kila siku yuko kitandani."

"Niachie mke wangu," alinong'ona.

"Wewe ndiye uliyesema," ikajibu sauti, kwa upole.

Daniel aliposimuliwa hakubisha. "Mimi nina rozari yangu," alisema, "lakini mama yangu ni mzaliwa wa Matombo, kule mlimani, na huko yupo Bi Mosi anayeyajua mambo haya. Nitamtuma mtu akamwite."

Bi Mosi alifika na kikapu cha ndizi, ajuza mdogo wa umbo. Abdulswamad akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akinusa hewa. Kochi alilikataa, akaketi chini, mbali na kile kiti. Alisikiliza yote hadi mwisho.

"Huyu hakutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anapita na ukungu, akabisha, ukamkaribisha. Ni mgeni wako. Ukimfukuza atakasirika, na anayelala mle ndani ndiye atakayelipa. Mgeni husindikizwa. Kesho alasiri mwambie twende nikutoe, utoke naye, umfikishe njia panda, uso wake uelekee mlimani. Njiani muongeleshe anayoyapenda. Mkifika, sema nenda salama. Basi. Adabu nyingine zote za kuagana zimeze, wewe na mkeo. Mkeo anajua?"

"Nitamwambia."

"Mwambie leo."

Hakumwambia. Mara mbili aliingia chumbani, akakaa kitandani, akamshika mkono. Kumwambia habari za mgeni kulikuwa rahisi. Lakini Raya angeuliza kwa nini mgeni anamtaka yeye, na Abdulswamad angelazimika kuyatamka tena maneno yale mbele ya mwanamke aliyelala, kila siku yuko kitandani. Aliona aibu. Akaona amwache alale, shughuli itaisha bila yeye kujua.

Alasiri ikafika. "Twende nikutoe, mgeni wangu," alisema. Mto ukainuka. Akatoka na fimbo yake, goti likimuuma, harufu ya udongo mbichi ikimfuata bega kwa bega. Njia nzima aliongea. Aliongea habari za stelingi wa Kihindi na risasi zake, za Wakorea na mboga zao, za majini wenye unga usoni, na hapo akasikia kicheko kidogo sikioni. Watoto waliokuwa wanacheza barabarani walimpisha yeye pamoja na nafasi ya mtu mmoja kando yake, bila kujua kwa nini. Njia panda alisimama, milima iko mbele.

"Nenda salama," alisema, akaumeza ulimi wake.

Upepo ulimpita. Harufu ikakatika. Goti lilikuwa linawaka moto lakini alirudi akitembea haraka kuliko alivyotembea tangu astaafu. Na alipofungua mlango, Raya alikuwa amesimama jikoni, kanga kiunoni, anamimina chai ya tangawizi. Abdulswamad alishika kizingiti akalia, na machozi yalionekana.

"Unalia nini, Baba Furaha? Mimi mzima. Niliamka tu nikajisikia mwepesi, nikachungulia dirishani nikakuona unamtoa mgeni. Mzee wa watu, ana adabu zake. Kageuka akaniaga."

Abdulswamad aliacha kulia. "Ukamjibu nini?"

"Sasa mtu anajibiwa nini? Nikamwambia karibu tena." Raya alimsogezea kikombe. "Kasema ahsante, atarudi, maana hajaona mwisho. Kwani mlikuwa mnatazama nini?"

Abdulswamad aligeukia sebuleni. Alikuwa anakitazama kile kiti, ambacho wala yeye wala Bi Mosi hawakukumbuka kukirudisha kilivyokuwa. Bado kilikuwa kimeelekea mlango wa chumbani.