Nilimdanganya Mama Mokami Akaweka Dole Gumba

"Mimi sijakubali! Hilo dole gumba mmelitoa wapi?"

Kikao kizima kikageuka kumtazama...

Aliyesema ni mama mkwe wangu, Mokami, miaka sabini na nne. Aliyempelekea karatasi akaweka dole hilo ni mimi, Robi, na nilikuwa nimekaa pembeni yake!

Jamani, msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Kwetu Tarime, mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana amzalie wajukuu. Tunaita nyumba ntobhu. Mokami alipeleka ng'ombe kwetu, akanioa. Wanangu watatu wanabeba jina la marehemu mumewe. Na alinipenda, nisiseme uongo.

Akaja Mogesi, mfanyabiashara. Anataka mtaa wetu uache kuwa wa makazi, uwe wa biashara.

Kamati ya mipango miji ilikuwa na njia tatu: ikatae, ikubali viwanja vya barabarani tu, au ipitishe mtaa wote. Mtaa wote ungepita tu kama kila mwenye kiwanja ameridhia. Na ukishapita, ujenge ghorofa au uuze uondoke.

Aliyebaki amegoma ni Mokami peke yake.

"Robi, nimalizie huyo mama," Mogesi akaniambia. "Fremu ya kwanza ni yako. Fungua saluni!"

Saluni yangu mwenyewe... Tamaa ikanipanda kichwani, nikampelekea fomu ya kuridhia.

"Mama, weka dole hapa. Ni fomu ya shule ya Matiko."

Hajui kusoma. Aliweka huku anacheka, si ya mjukuu wake?

Turudi kikaoni sasa.

"Mama, kama hukukubali, kuna mtu amekudanganya," mwenyekiti wa kamati akasema. "Huyo anaenda jela. Nani alikuletea karatasi?"

Mokami akageuka kunitazama.

Nikainamisha macho.

Akaelewa!

"Mheshimiwa, nisamehe. Ni uzee tu. Nilikubali mwenyewe."

Nilikuwa na nafasi ya kusimama niseme ukweli. Sikusimama. Mtaa wote ukapita.

Njiani nikalia. "Mama, kwa nini umenikinga?"

"Robi, nilikuoa ili mji wangu usife. Nikikupeleka jela, wale watoto watamwita nani mama? Mji ni ninyi. Ile nyingine ni bati tu."

Ghorofa hatukuweza, kiwanja kikauzwa, nyumba ikavunjwa. Siku hizi tumebanana chumba cha uani kwa Genkuru, kaka yake Mokami. Fremu? Mogesi alimpa shemeji yake, na simu zangu hapokei!

Ndugu zangu, tamaa mbele, mauti nyuma. Asiyejua kusoma akikuamini na kidole chake, usimfanyie nilichofanya mimi.

Jana Matiko alikataa kumwamkia bibi yake.

"Simwamkii! Yeye ndiye aliyeuza nyumba yetu!"

Mokami akaendelea kuchambua maharage.

Na mimi sikumsahihisha mwanangu. Wanangu bado hawajui. Nyie ndio wa kwanza ninaowaambia.