Rangi Ilinidanganya, Ndugu Akanyamaza

Ulikuwa mwaka ule tuliokula michembe asubuhi, michembe mchana, na jioni michembe tena. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, mtama ukaliwa na ndege, na Kishapu nzima ikawa inatafuna hivyo viazi vikavu na karanga mpaka taya zinauma. Wengine wanahesabu miaka kwa kalenda. Mimi nahesabu kwa sufuria.

Nina miaka sabini na moja. Darasa la nne sikulimaliza, kwa hiyo mwandiko wangu mtanisamehe. Ni mjane, nina wajukuu kumi na mmoja, na sifichi, ninajivunia kila mmoja. Kitu kingine nilichojivunia ni jicho langu.

Jicho langu! Mnadani wanaume wazima wenye fimbo zao walikuwa wananiita, "Mama Limi, hebu njoo ututazamie huyu." Nilimtazama ng'ombe manyoya tu, nikajua. Manyoya yanang'aa, mnyama mzima. Manyoya yamefifia kama kaptula ya mchungaji, huyo ana ugonjwa tumboni, mwache aende zake. Miaka arobaini sikukosea hata mara moja.

Laiti ningekosea mapema, kwa ng'ombe tu...

Limi, binti yangu, alifariki akaniachia mtoto wa kike wa miaka mitatu, Kabula. Nilimlea mimi. Alikuwa mtoto wa kupanda juu ya kila kitu: punda, mkokoteni, trekta la watu. Alipokua akapata kazi mgodini Geita, anaendesha lori la kubeba mawe. Wasomaji, mmeliona lile lori? Tairi lake tu linanipita mimi kimo! Na mjukuu wangu yuko kule juu, na kofia yake ngumu, analigeuza kama mtu anayegeuza ugali. Nilipoona picha yake niliizungusha kijiji kizima. Hata wasiotaka kuona waliona.

Basi mwaka huo wa michembe Kabula akaja likizo, akaniambia anataka kununua gari. Nikashangilia. Akasema, "Bibi, usishangilie bado. Si la kwendea kanisani. Nataka gari bovubovu la bei ndogo, la kuchezea Jumamosi."

La kuchezea? Gari?

Akanieleza. Nje ya mji wa Geita kuna uwanja wa vumbi. Vijana wa mgodini na mafundi wanapanga matairi ya zamani, halafu gari moja linaingia peke yake, linazunguka katikati ya yale matairi mbio mbio, na mtu anashika saa. Likitoka linaingia lingine. Hamna kugongana, hamna kupita mwenzio. Ni wewe, vumbi na saa. Alikuwa ameshajaribu kwa gari la kuazima, akawashinda wanaume saba. Macho yake yalikuwa yanawaka kama ya mama yake.

Nikamwambia, "Kama ni kuchagua, tunakwenda wote. Nani atachagua mimi nikiwa hai?"

Yeye alikuwa na mtu wake wa kuchagua, fundi Shija wa Geita, kijana mweusi mfupi, mikono yote grisi, maneno machache. Lakini Kabula hakuweza kunikatalia. Hilo ndilo kosa lake pekee katika mkasa huu wote. Hakuweza kunikatalia.

Na mimi ndiye niliyesema twende Buseresere kwa Luhende. Luhende ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mama yake huyo alipougua, mimi ndiye niliyemnyonyesha pamoja na Limi wangu, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile. Sasa ni mfanyabiashara, ana uwanja wa kuuzia magari yaliyotumika. Nikasema, kwa nini tukaibiwe na wageni wakati mtoto wangu yupo?

Tukafika watatu, pamoja na fundi Shija, saa nne asubuhi. Luhende akatoka na kanzu nyeupe, akainama mpaka chini, akanisalimia kwa Kisukuma chetu. "Mwangaluka, mayu! Shikamoo mama mkubwa!" Akaniletea kiti na soda baridi. Nikamtazama fundi Shija kwa pembe ya jicho, nikajisemea, umeona ndugu zangu?

Yalikuwepo magari mawili madogo, yote ya gia ya mkono kama Kabula alivyotaka, na bei zake zilikaribiana. Moja jeupe, rangi imepauka, mlango umebonyea, kiti cha nyuma kimechanika sifongo iko nje. La pili jekundu. Wacha nikwambie wekundu wa gari lile... ungeweza kujitazama ukafunga kilemba.

Fundi Shija aliingia chini ya jeupe na tochi, akakaa huko muda mrefu, akatoka na vumbi kichwani. Akamwambia Kabula, "Hili ni bovu la kuonekana. Kiti, mlango, rangi. Ila mwili wake ni mmoja, haujaguswa. Chukua hili."

Mimi nikacheka kwa sauti. Nikamwambia, "Mwanangu, ungekuja mnadani ungenunua mizoga. Huoni manyoya? Hili jeupe linaumwa! Mwenye afya ni yule pale anayeng'aa."

Akanijibu kwa adabu, "Mama, rangi hatuiendeshi. Ngoja niingie chini ya jekundu. Limependeza kama bibi harusi, na mimi bibi harusi kama huyo naomba kwanza nimwone miguu."

Watu wa pale wakacheka. Mimi sikucheka.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu, ukimuuzia ndugu ng'ombe unamtajia kilema chake kabla hajafungua mdomo. Huyu anapiga teke. Huyu chuchu moja haitoi. Huyu aliwahi kutupa mimba. Unataja, ndipo bei inafuata. Na ndugu anayenunua hakagui! Hafungui mdomo wa ng'ombe, hamshiki tumbo. Ukikagua ng'ombe wa ndugu yako umemwita mwizi mbele za watu.

Luhende alijua hivyo. Alikulia nyumbani kwangu. Akaweka mkono kifuani, akasema taratibu, "Fundi, ingia. Kama mama mkubwa ana shaka na mimi, ingia tu, utazame."

Kama nina shaka!

Kabula akanishika kiwiko. "Bibi, ni dakika tano tu. Mjomba hatakasirika."

Nikasimama na khanga yangu nikaikaza. Nikasema, watu wote wakisikia, kwamba hakuna mtu atakayeingia chini ya gari la mwanangu niliyemnyonyesha. Fundi Shija akazima tochi yake. Kabula akanitazama, akatazama lile jeupe, halafu akasema, "Haya bibi. Jekundu."

Luhende hakutaja kilema. Nilisubiri kidogo, kama inavyopasa, kwamba labda kuna tairi bovu, labda taa. Hakutaja kitu. Alituombea safari njema.

Jumamosi ya kwanza Kabula alishinda. Jumamosi ya pili nilikuwepo mwenyewe! Nilipanda basi kutoka Kishapu na michembe yangu kwenye kitambaa, nikakaa kwenye kivuli cha turubai kati ya vijana. Wakaniuliza, "Bibi, huyo mwenye jekundu ni wako?" Nikajibu, "Yeye wangu, na gari nimelichagua mimi!" Ee Mungu, nilisema hivyo kwa kinywa changu...

Akaingia uwanjani. Tairi la kwanza akalizunguka, vumbi likapanda. Nikapiga vigelegele. Tairi la pili. La tatu alikata kona kwa nguvu, na hapo nikasikia mlio. Nimechinja ng'ombe wengi, ninaujua mlio wa mfupa mkubwa unaovunjika. Ulikuwa mlio huo huo.

Gari lile likakatika katikati! Sehemu ya mbele ikaenda kwake, ya nyuma ikabaki inaburuzwa, halafu zote zikapinduka. Mara mbili. Vumbi likafunika kila kitu.

Vigelegele vyangu vilikuwa bado mdomoni.

Kabula hakufa. Watu wakaniambia nishukuru, na ninashukuru. Lakini uti wa mgongo uliumia, na daktari akasema kuanzia kiunoni kwenda chini hatasikia tena. Mtoto wangu aliyegeuza lori kama ugali, leo mimi ndiye ninayemgeuza kitandani asipate vidonda.

Siku ya tatu fundi Shija alinifuata pale hospitali. Nilijua anakuja kuniambia, "Si nilikwambia?" Ningemshukuru. Hakusema. Alisema tu, "Mama, njoo uone." Akanipeleka gereji kwake lilikowekwa lile gari. Akaniinamisha, akakwangua kwa bisibisi lami nyeusi iliyopakwa chini. Ndani yake nikaona mshono. Mshono wa kuchomelea, kutoka upande huu hadi upande ule.

Yalikuwa magari mawili! Mbele ya moja, nyuma ya lingine, yote yalishapata ajali, yakaungwa, yakapakwa rangi. Kwa ng'ombe ngozi inayong'aa inakuambia ukweli. Kwa gari, rangi mpya ndiyo blanketi la kufunika maiti. Nani angenifundisha hilo? Yupo aliyekuwa anifundishe, na tochi mkononi, nikamzuia.

Nikaenda Buseresere peke yangu. Sikutaka kiti wala soda. Nikamuuliza Luhende, "Ulijua?"

Akatazama viatu vyake. "Mama mkubwa... hukuniuliza."

Sikumuuliza! Mtoto niliyempa ziwa ananiambia sikumuuliza!

Ningeishia hapo ingetosha. Lakini habari zilipoenea wateja wakaanza kumkimbia, naye akawatumia wazee wa ukoo neno kwamba yeye alinitajia kilema chote, ila mimi kwa kiburi changu nikapuuza. Wakaja nyumbani kwangu, wazee wanne, na Luhende mwenyewe nyuma yao anamvuta mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, kwa kamba. Mtamba mzuri sana. Manyoya yanang'aa. Sikumtazama mara mbili.

Kabula alikuwa pale pale uani kwenye kiti chake cha magurudumu, anachambua karanga, anasikia yote.

Mzee mkubwa wao akasema, "Mama Limi, tuyamalize. Wewe sema tu uliambiwa, ukasahau. Uzee huo, hakuna atakayekucheka. Mtamba abaki, ndugu wabaki ndugu."

Wasomaji, mnaona walichokuwa wananiomba? Nikisema niliambiwa, basi nilijua. Na kama nilijua, basi nilimwacha mjukuu wangu aingie kwenye lile jeneza jekundu huku nikipiga vigelegele. Kabula angeishi na hilo mpaka kufa kwake. Alikuwa ameacha kuchambua karanga. Mkono umesimama hewani, ananisubiri.

Nikawaambia la kwangu kwanza. Kwamba fundi alitaka kutazama nikamzuia. Kwamba nilichagua kwa majivuno. Hiyo ni dhambi yangu, nitaibeba, na nimeshamwomba Kabula msamaha kwa magoti haya yanayouma. Halafu nikasema, "Sikuambiwa, na sitasema niliambiwa."

Mtamba akalia.

Ninawaomba, enyi mnaosoma. Mkienda kununua gari la watu, hata la bei ndogo, hata la kuchezea Jumamosi, mwacheni fundi aingie chini. Alale kwenye vumbi, achelewe, awachoshe. Chagueni lenye uso mbaya na mwili mmoja. Na muuzaji akiwa ni ndugu, mkagueni mara mbili, maana mgeni ataficha kilema kwa rangi, lakini ndugu ataficha kwa heshima yako mwenyewe. Mila zetu ni nzuri, sizitukani. Ila mila inataka watu wawili, na mimi siku ile nilikuwa peke yangu.

Mzee akajaribu tena, kwa sauti ya chini. "Mama Limi, mfikirie huyu kijana. Ni damu yako. Uliambiwa, au hukuambiwa?"

Luhende alikuwa analia. Kweli kabisa, machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi ziwa langu likauma kama alipokuwa mchanga. Nikamtazama Kabula. Nikamrudishia Luhende kamba ya mtamba mkononi, nikamkunjia vidole.

"Sikuambiwa, na sitasema niliambiwa."