Ribaundi Sitini na Tatu

Yasmin aliiba ribaundi sitini na tatu. Alimwibia Salehe, akampa Mwinshehe, mchezaji wa timu moja na Salehe na mwanaume aliyekuwa amemposa yeye. Alitumia penseli moja na kifutio, mechi kumi na nne mfululizo.

Kwa asiyejua mpira wa kikapu, ribaundi ni ule mpira uliorushwa ukakosa, ukagonga chuma ukarudi. Anayeudaka anaandikiwa moja. Kuandika ndiyo ilikuwa kazi ya Yasmin. Alikaa meza ya pembeni mwa uwanja na karatasi ya majina ya Bondwa, timu ya kulipwa ya Morogoro mjini, na alichoandika yeye ndicho kilichokwenda ofisi ya ligi, na ndicho kilichosomwa redioni.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja saa kumi na moja jioni, mechi ndiyo kwanza imeisha. Mama yake Salehe, muuza mboga wa Mgeta, alishuka jukwaani akaja moja kwa moja mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Salehe wangu leo kadaka mingapi?"

Yasmin akaangalia karatasi.

"Sita."

"Sita?"

"Ndiyo mama, sita."

Mama Salehe akafungua fundo la kanga yake, akamwaga maharage juu ya ile karatasi. Akayahesabu kwa kidole, taratibu. Kumi na moja.

"Siku ya kwanza kuja hapa nilimuuliza mwanangu, kazi yako humu ndani ni nini? Akaniambia, mama, mimi nadaka inayokosa. Basi. Kila akidaka, natoa harage mfukoni natia kwenye fundo. Kusoma sijui. Lakini mwanangu namjua hata akinipa mgongo."

Mwinshehe alikuwa amesimama nyuma yake, taulo shingoni, anacheka.

"Mama, labda mengine uliweka kwa mapenzi."

"Mapenzi yangu kwa Salehe ni gunia, baba. Haya ni kumi na moja."

Watu wakaangua kicheko. Mwinshehe naye akacheka, akainama kuangalia karatasi. Mbele ya jina lake paliandikwa kumi na tatu.

Kicheko kikamkatika. Mchezaji anajua alichodaka, hata kama hakuhesabu. Siku ile alidaka minane.

Hakumwangalia Yasmin. Alimsaidia mama kuokota maharage yake, akamfungia fundo, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Yasmin akapata ujumbe wa Mwinshehe.

"Jumatatu saa nne asubuhi niko uwanja wa Mazimbu. Njoo na karatasi zote za msimu."

"Kuna nini baba?"

Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa.

Jumatatu alimkuta amekaa kwenye benchi la zege. Mbele yake palikuwa na vifundo vya vitambaa vya kanga kuukuu, vimepangwa mstari. Kumi na vinne.

"Mama Salehe kaniazima," alisema. "Kila mechi na fundo lake. Kasema yasipikwe. Kaa chini tuhesabu."

"Mwinshehe..."

"Tuhesabu kwanza."

Wakahesabu. Fundo kwa karatasi, fundo kwa karatasi. Jua lilikuwa limeshafika utosini walipomaliza. Maharage ya Salehe yalikuwa mia moja hamsini na manne. Karatasi zilimpa tisini na moja. Mwinshehe zilimpa mia moja sitini na nane, ribaundi kumi na mbili kila mechi, wa kwanza ligi nzima.

"Zimepungua sitini na tatu kwake," Mwinshehe alisema. "Ziko wapi?"

Yasmin akaanza kupanga karatasi upya.

"Yasmin, nimekuuliza. Ziko wapi?"

"Kwako."

"Zote?"

"Zote."

Mwinshehe akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa ameshaambiwa ugonjwa wake, sasa anaonyeshwa cheti.

"Ilianzaje?"

"Ya kwanza sikuona vizuri, Wallahi. Mliruka wote wawili, mikono minne kwenye mpira mmoja. Nikakuandikia wewe. Ile wiki redio ikakutaja. Mjomba akasikia kule Kinole."

Mwinshehe alimjua huyo mjomba. Kwa Waluguru mtoto wa kike ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba asipokubali, hakuna posa. Mjomba Said alikuwa amemkataa mara mbili. Alisema hawezi kumpa mpwa wake mtu mzima anayekimbia na kaptula.

"Alinipigia siku ile ile," Yasmin aliendelea. "Akaniuliza, huyo anayetajwa redioni ndiye yule wako? Nikasema ndiye. Akasema, basi mwambie aje. Nikaogopa, Mwinshehe. Nikaona wasipokutaja tena, atabadilika."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Na Kigali je?"

Hapo Yasmin akaanza kulia. Timu moja ya Kigali ilikuwa imemwita Mwinshehe. Alikuwa aondoke Alhamisi.

"Wale hawajawahi kuniona nikicheza," Mwinshehe alisema. "Walitaka mtu anayeongoza kwa ribaundi, wakapewa jina langu. Wiki ya kwanza mazoezini watajua. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba wewe ulikuwa unaniona kila mechi. Ulikuwa unajua kabisa mimi ni wa ribaundi saba na nusu. Ukaona sitoshi."

"Mimi ulinitosha!"

"Mbona uliniongeza?"

Mwinshehe akaanza kufunga vifundo vya watu, kimoja kimoja.

"Sitakushtaki. Nikikushtaki nitaonekana najisafisha. Karatasi ni zako. Ila Alhamisi sipandi basi."

Akaenda zake.

Yasmin alibaki na simu mkononi. Akampigia mjomba wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo? Umefiwa?"

"Hapana. Mjomba, yule Mwinshehe... zile za redioni hazikuwa zake zote. Niliandika mimi. Nilimwongezea."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Kwa hiyo hadaki?"

"Anadaka. Ila si sana."

"Si sana ndiyo mingapi?"

"Saba na nusu kwa mechi."

"Nusu mpira anaudakaje?"

"Mjomba, ni wastani."

"Sawa. Yeye alijua?"

"Alijua juzi. Kakataa kwenda Kigali."

Mjomba Said akakohoa.

"Uliniongopea mimi, Yasmin. Mahari nilipokea kwa uongo wako. Hiyo tutaongea mimi na wewe. Yeye mwambie aje aniambie mwenyewe, bila redio."

Jioni ile Yasmin aliandika barua kwa ofisi ya ligi. Aliandika mechi zote kumi na nne, na chini akatia jina lake kamili. Kabla ya kuipeleka, alimfuata Salehe sokoni, akamkuta anamshushia mama yake kabichi. Salehe alikuwa jitu la miaka thelathini na moja, mpole, anayemtania kila akimwona.

"Shemeji! Leo umekuja kununua au kuhesabu?"

Yasmin akampa barua. Salehe akaisoma, akairudia. Akakaa juu ya tenga.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mchezaji akilalamikia karatasi anaambiwa ana wivu. Na Mwinshehe ni rafiki yangu. Nikasema labda macho yangu." Akaikunja barua vizuri. "Kigali walitaka mtu wa ribaundi. Kumbe walikuwa wananitafuta mimi."

"Salehe, nisamehe. Nitawapigia wenyewe, nitawaeleza."

"Wapigie."

Aliwapigia siku ya pili. Yule mtu wa Kigali alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kiswahili cha taratibu:

"Dada, hatuwezi kuamini tena karatasi kutoka huko. Tumeshachukua mtu wa timu nyingine."

Mwinshehe alipanda Kinole peke yake, siku ya Ijumaa. Alikaa na mjomba Said tangu baada ya swala mpaka alasiri. Walichoongea hakusimulia. Aliporudi alimtumia Yasmin ujumbe.

"Mjomba kakubali. Mimi bado. Nipe muda."

Muda wenyewe ulikuwa miezi minane. Katika hiyo miezi alikuwa akija kwao kila Jumapili, anakaa barazani, anakunywa chai, anaongea mambo ya kawaida. Jumapili moja akaweka kikombe chini.

"Nikikuuliza kitu utanijibu vile kilivyo? Hata kama kitaniuma?"

"Nitakujibu."

"Jana nilichezaje?"

"Vibaya. Ulidaka minne. Mmoja ulikudondokea miguuni."

Mwinshehe akacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

"Panga tarehe na mjomba."

Walioana Kinole. Watu walikuwa wachache. Mama Salehe hakuja. Salehe alikuja, akala, akampa Mwinshehe mkono, akawahi gari la kushuka mjini.

Gharama yake ni hii. Yasmin alipoteza kazi, na amefungiwa miaka mitatu asishike penseli kwenye meza yoyote ya ligi. Mwinshehe alikosa Kigali, akafutwa kwenye orodha ya vinara, sasa ni wa kumi na tisa. Salehe aliandikwa wa kwanza, ribaundi kumi na moja kila mechi, lakini hakuna aliyempigia simu tena, na msimu ulipoisha alirudi Mgeta kulima kabichi. Mama yake hajakanyaga uwanjani tangu hapo. Na Salehe akikutana na Yasmin sokoni humsalimia vizuri tu. Haachi. Ila hamwiti tena shemeji. Humwita dada karani.