Nyumba ya Majivu ya Honorata

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kijiji cha Suji, huko milimani, Honorata aliingia katika nyumba ambayo haikuwepo. Alikuwa ameichora chini kwa majivu, nyuma ya kibanda chao cha udongo. Alipitia mlangoni, maana kukanyaga mstari ni kubomoa ukuta. Chumba kimoja chake na Fanueli, mumewe. Kimoja cha watoto. Kimoja cha mama mkwe, aliyekohoa usiku kucha kwa kulala karibu na moshi wa jiko. Sebuleni alisimama, akasikia mvua ikipiga bati. Hapakuwa na mvua wala bati.

Siku moja Fanueli alimkuta humo.

"Mama Vitus, umeshahamia?"

"Vua viatu, nimeshadeki."

Fanueli alikuwa na simu mkononi. Chama kimoja cha akiba na mikopo cha mjini Same kilikuwa kimeweka mtandaoni kikokotoo cha mkopo wa nyumba. Unaandika kipato chako, nacho kinakupigia hesabu ya kiasi unachoweza kukopa. Fanueli aliandika milioni sita, fedha yote ya tangawizi waliyouza mwaka ule. Simu ikajibu: Hongera! Unaweza kukopa milioni themanini na nane.

Honorata akakaa palepale sebuleni. Nyumba ya majivu ikaanza kukua. Ikapata ghorofa, ikapata vigae vyekundu, ikatokeza juu ya ukungu. Jumatatu wangeshuka Same kuweka sahihi. Dhamana ingekuwa shamba lao la tangawizi. Wakishindwa kulipa, shamba linakwenda, na hawakuwa na lingine.

Jumapili baada ya ibada, Rogathe alipita kusalimia. Alikuwa binti wa jirani aliyefanya kazi katika chama kile cha Same, na ndiye aliyekitengeneza kile kikokotoo.

"Shikamoo, Mama Vitus."

"Marahaba, mwanangu. Pitia mlangoni, hapo ni ukuta."

Rogathe akazunguka bila kucheka. Honorata akamwonyesha simu. Binti akaitazama.

"Hizi milioni sita mnapata kila mwezi?"

"Kila mwezi? Tangawizi gani hiyo? Tunavuna mara moja kwa mwaka."

"Kikokotoo kinahesabu kwa mwezi, mama. Kwa mkopo huu mngetakiwa kulipa milioni mbili kila mwezi."

Honorata aligeuka. Akalitazama shamba. Aliogopa kweli.

"Kumbe tumekosea."

"Nimekosea mimi. Nilikitengeneza nikiwafikiria watu wa mshahara. Nikaandika 'kipato' nikaishia hapo. Ungetaka nikuulize vipi, ili unijibu sawasawa?"

Honorata akafikiri.

"Uliza tunavuna mara ngapi. Uliza kinabaki nini tukishatoa chakula, ada na mbegu. Halafu niambie nitalipa lini, na mpaka nimalize nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla. Na usinipe hongera kabla sijajenga."

Rogathe aliandika yote. Jumatatu ile hawakushuka Same.

Baada ya wiki tatu alirudi na kikokotoo kipya. Kiliuliza swali moja moja, kwa maneno ya Honorata mwenyewe. Wakajibu wote wawili, taratibu. Kikawaambia: mkopo milioni saba. Mtalipa milioni mbili kila baada ya mavuno, kwa miaka mitano. Jumla milioni kumi.

"Ghorofa imeondoka," alisema Fanueli.

"Shamba limebaki," alijibu Honorata. Moyo ulimuuma, lakini usiku huo alilala.

Wakajenga vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Kimoja wakampa mama mkwe, kingine watoto. Wao wawili wakabaki kibandani.

Msimu wa mvua, Rogathe alikuja tena. Mama mkwe alikuwa amelala chini ya bati, hakohoi. Nje, Honorata alikuwa ameinama, akirudishia majivu yaliyosombwa na mvua.

"Mama Vitus, hiki chumba cha nani?"

"Chetu. Mavuno ya sita, deni likishaisha."

Rogathe akazunguka, akapitia mlangoni.