Babu Jasib Amenyamaza

Kila alasiri, Rusul akishatoka shule, akala na kuosha sahani yake, alikuwa na kazi moja kabla hajagusa daftari: kumwashia bibi yake kompyuta. Bibi Khayriya hakujua kubonyeza chochote. Yeye alivuta kiti, akaweka mezani bilauri mbili ndogo za chai, moja yake na moja ya mumewe, kisha akasubiri mumewe aanze kuzungumza.

Mumewe, Babu Jasib, alikuwa marehemu. Katika mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kwenda kwenye shamba lake la mitende nje ya mji wa Basra, binti yake Suhad, ambaye ni shangazi yake Rusul, alimwekea kipaza sauti mbele ya kompyuta. Akamwambia aseme lolote asilotaka lipotee, nayo kompyuta ingelihifadhi. Basi mzee akasema. Alitaja aina za tende na namna kila mtende unavyotaka kupandwa, akasimulia mafuriko ya utotoni mwake, akawasengenya majirani ambao nao walishakufa. Na mara kwa mara alikatiza hadithi akaita, "Khayriya, chai iko wapi?"

Bibi alikuwa akimjibu. "Iko mbele yako, kwani huna macho?" Wote nyumbani walikwisha kuzoea mazungumzo hayo, isipokuwa Rusul. Kila Bibi alipomjibu marehemu, Rusul alihisi vinyweleo vikimsimama, akatoka chumbani polepole bila kugeuka.

Nyumbani mwao palikuwa na sheria moja kuhusu kompyuta hiyo. Umeme wa serikali ulikuwa ukikatika kila siku, na ukikatika walishusha swichi kubwa ya ukutani wakapata umeme wa jenereta la mtaa. Lakini jenereta lilihudumia nyumba nyingi, na umeme wake ulikuwa hafifu, unapanda na kushuka. Kwa hiyo kompyuta haikuguswa wakati wa jenereta. Ilisubiri umeme wa serikali urudi, hata kama Bibi alikwisha kumimina chai.

Jumanne moja mama yake Rusul alimchukua Bibi na mdogo wake Rusul kwenda kwenye sherehe ya uchumba wa binti wa ndugu yao, ng'ambo ya mji. Bibi alikataa mara tatu. Tangu mumewe afe hakuwa ameingia kwenye sherehe yoyote. Hatimaye alikubali, akavaa abaya yake, akasimama mlangoni akiitazama kompyuta kana kwamba anaaga.

"Leo utanisamehe," aliiambia, akatoka.

Rusul alibaki na kazi ya hesabu. Hakuigusa. Alifungua mchezo wake wa kujenga miji kwenye kompyuta ile ile, na mji wake ulikuwa ndio kwanza unapata daraja. Muda si mrefu upepo ukaingia na vumbi la jangwani. Mbingu iligeuka rangi ya machungwa, nyumba za jirani zikafifia moja baada ya nyingine, na mtaa wote ukanyamaza, hata mbwa. Kisha umeme ukakatika. Rusul akashusha swichi ya ukutani. Taa iliwaka kwa unyonge, ikawa inakolea na kufifia, inakolea na kufifia, na kompyuta kila alipoiwasha ilizimika yenyewe.

Hapo akakumbuka maneno ya Dhuha, rafiki yake wa darasani. "Mnasubiri nini nyie? Kwetu jenereta likichoka tunageuza kile kiswichi chekundu cha nyuma, kompyuta inakula umeme mdogo. Kaka yangu anafanya kila siku. Ila umeme wa serikali ukirudi, kirudishe kwanza kabla hujapandisha swichi ya ukutani. Ukisahau, shauri yako."

Rusul alipitisha mkono nyuma ya kompyuta, akakipapasa, akakigeuza. Kompyuta ikawaka na kutulia. Alifurahi mno hata akasahau vumbi, akasahau hesabu, akajenga daraja lake mpaka ng'ambo. Kwa hiyo taa ndogo ya ukutani ilipowaka kuonyesha kwamba umeme wa serikali umerudi, aliinuka kama alivyoinuka maelfu ya siku nyingine na kuipandisha swichi kubwa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kilisikika kishindo kifupi. Kioo kikawa cheusi. Moshi mwembamba ulitoka nyuma ya kompyuta, ukapanda ukutani mpaka kwenye picha ya Babu Jasib, na harufu ya kuungua ikajaa chumba.

Rusul alichomoa waya papo hapo. Alikirudisha kiswichi chekundu mahali pake. Kisha, ili harufu itoke, alifungua madirisha yote, na vumbi la rangi ya machungwa likaingia na kutanda juu ya kila kitu. Mama aliporudi alimgombeza kwa madirisha yale mpaka akachoka. Rusul aliyapokea yote, tena kwa nafuu, maana kosa la madirisha lilikuwa dogo.

Kesho yake alasiri Bibi alikaa mahali pake na bilauri zake mbili. Rusul alibonyeza kitufe. Hapakutokea kitu. Akabonyeza tena, mbele ya macho ya Bibi, kwa bidii, kama mtu asiyejua lolote.

"Imekataa, Bibi. Labda ni ule umeme wa jana."

Bibi hakumtazama. "Jasib," aliita kwa sauti ya chini. Akasubiri. "Jasib, ni mimi."

Basi ikasikika sauti kutoka kwenye spika mbili ndogo za pembeni: kr-kr-kr, kr-kr-kr, kama mtu anayejaribu kusafisha koo. Kompyuta ilikuwa imezima, kioo cheusi, hakuna kilichowaka. Rusul alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Mara simu ya Mama iliyokuwa mezani ikalia, naye Mama akaja kuichukua, na ile sauti ikakatika.

"Umesikia?" Bibi alinong'ona. "Anataka kusema, hasira zinamzuia. Nilimwacha peke yake nikaenda kucheka na watu."

"Mama, hayo si maneno," mama yake Rusul alisema. "Hiyo ni mashine."

"Mashine ilikuwa ikifanya kazi kila siku. Siku niliyotoka ndiyo ikanyamaza. Mimi si mtoto."

Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Chai ilipoa kwenye bilauri zote mbili. Bibi alikula vijiko viwili vya wali akasogeza sahani. Rusul alikuwa akipita nje ya mlango kila mara, na kila mara alimwona bibi yake kwenye mwanga ule wa jenereta unaokolea na kufifia, amekaa wima mbele ya kioo cheusi, anasikiliza. Spika zikakoroma tena, kidogo tu, zikanyamaza. Rusul alikwenda chooni akajifungia na kulia. Alijua ni nini kilichoua kompyuta. Lakini spika zile zinazosema bila umeme hakuzijua, na sasa yeye pia alianza kuamini kwamba kuna mtu mle ndani anayemjua yeye na alilolifanya.

Ijumaa akaja Shangazi Suhad na mkoba wake wa bisibisi. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za chuo kimoja mjini, na hakuwa mtu wa kutishika upesi.

"Haya, baba yangu amegoma?" aliuliza, akambusu mama yake kichwani. "Tumwone."

Alianza na vitu vidogo. Alichomeka taa kwenye soketi ile ile, ikawaka. Alibadilisha waya, hakikutokea kitu. Alichomoa waya, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe, akachomeka tena. Kimya. Alikagua kiswichi chekundu nyuma, akaridhika, akakiacha. Kisha akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha Rusul na kuvirudisha. Bado kimya.

"Nani alikuwa nyumbani siku hiyo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Mimi," alisema Rusul.

"Ilikuwaje?"

"Umeme ulikatika. Ikazima. Basi."

"Ilikuwa imewashwa?"

"Hapana. Yaani, sijui."

Shangazi Suhad aliinamisha pua ndani ya kompyuta. "Nasikia harufu ya kuungua, lakini vumbi limeingia kila mahali, sijui inatoka wapi. Friji ni nzima, televisheni ni nzima, kwa hiyo si umeme wa nje. Kiswichi cha nyuma kiko sawa. Basi kilichoungua kimeungua chenyewe, ndani huku." Alikaa chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika. "Mama, nina kisanduku kingine cha umeme kwenye gari, kile cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Lakini nikikifunga bila kujua kosa liko wapi, naweza kuiunguza na diski. Na sauti ya Baba iko kwenye diski hiyo, hakuna nakala. Nilikuwa nasema nitaitoa, nitaitoa. Sikuitoa."

Nje vumbi lilikuwa bado halijatua, na dirisha lilikuwa na mwanga wa rangi ya kutu.

"Usifunge kitu," alisema Bibi. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa shuka nyeupe. Akaifunika kompyuta kuanzia juu mpaka chini, akanyoosha pembe zake taratibu, kama alivyomnyooshea mumewe siku ile ya msiba. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Chini ya shuka, spika zikasema: kr-kr-kr.

Bibi aliweka kiganja chake juu ya shuka. "Nimekusikia, Jasib," alisema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe. Sitavuka mlango huu tena. Si harusi, si kwa jirani, si popote. Nitakaa nawe hapa mpaka nikufuate. Wallahi—"

"Bibi, usiape," alisema Rusul.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na wote wakageuka. Alitamani mlango uwe karibu, lakini alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Babu hajakasirika. Ni mimi. Nilicheza kwa umeme wa jenereta. Nikageuza kile kiswichi chekundu, na umeme wa serikali uliporudi nikapandisha swichi ya ukutani kabla sijakirudisha. Ikalipuka. Nikakirudisha baadaye ili nisijulikane. Na madirisha nilifungua kwa sababu ya harufu." Akaanza kulia waziwazi. "Nilimwacha Bibi aombe radhi, na kosa ni langu."

Mama alipumua kwa nguvu, akafungua kinywa, lakini Shangazi Suhad aliinua mkono. Macho yake yalikuwa yamewaka.

"Ngoja. Moshi ulitoka wapi? Nyuma, juu, au mbele?"

"Nyuma, juu. Kwenye feni."

"Na ulichomoa waya papo hapo?"

"Papo hapo."

Shangazi Suhad alikwisha kuwa mlangoni akielekea kwenye gari. Aliporudi na kisanduku kipya cha umeme aliivuta shuka ile, akafungua skrubu, akatoa kisanduku cha zamani. Ndani yake palikuwa peusi. "Kimeungua hiki peke yake, diski haikuguswa," alisema. Alipomaliza kuunganisha waya zote, alivuta simu ya Mama iliyokuwa karibu na spika na kuisogeza mbali.

"Na hizi spika zina waya wake zenyewe wa umeme, haziihitaji kompyuta," alisema. "Simu ikiwa karibu nazo, inapokaribia kupokea kitu, zinakoroma. Hakuna mtu mle, Rusul. Usinitazame hivyo."

Kisha akabonyeza kitufe. Feni ikavuma. Kioo kikawaka. Chumba kikajaa kikohozi cha mzee, na sauti nzito isiyo na haraka ikaanza kueleza jinsi ya kumtambua mfanyabiashara wa tende mwongo. Shangazi Suhad aligeukia ukutani, mabega yakamtikisika.

Bibi alisikiliza kidogo tu. Akamwita Rusul, akamshika kidevu.

"Siku tatu nimemwomba msamaha mtu ambaye hakuwa na neno nami," alisema. "Siku tatu sijalala. Wewe ulikuwa ukipita hapo mlangoni unaniona."

"Nilikuwa nakuona, Bibi."

"Hilo ndilo linaloniuma. Kompyuta nimekwisha kusahau." Alimwachia kidevu, akamvuta, akamkumbatia. Mama alisema kwamba mchezo wa miji umekwisha mpaka likizo, na Rusul hakubisha.

Shangazi Suhad alifuta uso, akarudisha bisibisi zake mkobani moja moja. "Sikia nikwambie, Rusul. Kuunguza kisanduku si kitu, mimi mwenyewe nimeunguza vingi. Lakini kazi yangu yote inaanza na swali moja: kabla haijazima, ilifanywa nini? Nikijibiwa kweli, natengeneza. Nikijibiwa uongo, naenda kutafuta kosa mahali ambapo halipo, na huko naharibu vilivyo vizima. Ulipokirudisha kiswichi kile ulinificha mimi njia. Na bibi yako, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akajitwisha kosa mwenyewe. Uongo ukifichwa ndani ya nyumba, lazima mtu aubebe, na aghalabu anaubeba asiyehusika. Umechelewa kusema, lakini umesema. Ungengoja mpaka kesho, pengine ningejaribu tu, nikaiua diski hii kwa mikono yangu."

"Sitarudia, Shangazi."

"Ukirudia, niite kabla hujafungua madirisha."

Bibi alikuwa amekwisha kusimama. Sauti ya mumewe ilikuwa ikiendelea nyuma yake, inafoka juu ya tende na mizani, naye hakuwa akiijibu.

"Harusi yenyewe ni lini?" alimwuliza mama yake Rusul.

"Alhamisi ijayo, Mama."

"Nitakwenda," alisema Bibi Khayriya. "Mzime huyu, Rusul. Nataka kulala."