Ndevu za Kinyozi na Mashine ya Kupumulia

Wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, mnatangaziwa kwamba hadithi hii imeandikwa na mtaalamu wa afya. Mtaalamu mwenyewe ni mimi, mwanafunzi wa bweni niliyerudishwa nyumbani kwa kosa la kupaka mshumaa ubaoni ili chaki ya mwalimu isiandike. Someni hivyo hivyo.

Baba yangu ni kinyozi. Ndevu zake zilifika kifuani, nyeusi tititi. Ndizo zilizokuwa bango la duka.

Lakini Baba alisinzia. Alisinzia akila, akasinzia akisalimiwa. Siku moja alisinzia wembe ukiwa mkononi, akamkata mteja sikio.

"Fundi, nimekuja kunyolewa, sikuja kuchinjwa!" Mteja alitoka na povu la sabuni usoni. Habari zilienea, viti vikabaki vitupu.

Usiku Baba alikoroma, ghafla kimya. Mama hakulala. Aliketi kitandani, mkono kifuani mwa Baba, akingoja pumzi irudi.

"Mwanangu, mimi ni mjane wa kila usiku," aliniambia.

Hospitalini walimpima akiwa amelala. Muuguzi akaeleza.

"Mzee, ukilala koo linajifunga na pumzi inakatika. Mwili unashtuka, unaamka bila kujua. Ndiyo maana mchana unasinzia. Moyo nao unaumia. Mashine hii inasukuma hewa ili koo libaki wazi."

"Kuna jamaa anauza ya marehemu shemeji yake," Baba alisema. "Bei poa."

"Mashine si kofia, Mzee, uazime ya mtu. Nguvu ya hewa hupangwa kwa koo lako. Na barakoa ifuate uso wako. Ile ndogo ya puani haisumbuliwi na ndevu, lakini wewe pua imeziba, unapumua kwa mdomo. Utavaa ya pua na mdomo. Sasa hizo ndevu zitavujisha hewa."

"Kwa hiyo nizinyoe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Bora nife nazo."

Tulirudi na mashine. Usiku huo hewa ilipiga mluzi ndevuni. Baba akaivua, akaitupa juu ya kabati.

"Basi. Siku ikifika, imefika."

Mama hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alasiri moja nilimkuta Baba amelala kwenye kiti cha wateja. Duka tupu. Akakoroma. Akanyamaza. Nikangoja. Midomo ikabadilika rangi. Nilimtikisa, akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani, akalala tena bila kufumbua macho.

Alipoamka, kidevu hakikuwa na hata unywele mmoja.

"Nani?" alinguruma mbele ya kioo.

"Kinyozi hajinyoi, Baba," nilisema kwa heshima zote. "Labda yule mteja wa sikio amelipiza kisasi."

Usiku alivaa barakoa kwa hasira. Haikuvuja. Mama alilala mpaka jua likaingia chumbani. Akaamka akipiga kelele, maana hakusikia mkoromo. Akagusa kifua cha Baba. Kilikuwa kinapanda na kushuka.

Sasa Baba anavaa barakoa kila alalapo. Mchana hasinzii. Wateja wanarudi mmoja mmoja, isipokuwa wa sikio.

Jana alikuwa akininyoa ili nirudi shuleni. Kwa mkono usio na wembe akakunjua shati langu la sare, na kutoka mfukoni kikaanguka kishungi cha ndevu nyeusi kilichofungwa uzi.

"Mteja wa sikio ndiye huyu?" aliuliza, akirudisha wembe shingoni mwangu.

Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Ni mimi, Baba."

"Na umezifunga uzi, za nini?"

"Niliogopa utakufa hata hivyo. Nilitaka nibaki na kitu."

Wembe ulisimama shingoni mwangu. Safari hii hakuwa amesinzia.